Yusufu Ndani ya Kasha

Tok.

Kisha kimya, kisha tok nyingine, nyepesi, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha huku akiomba asisikiwe. Tulikuwa tumeliinamisha kasha kidogo tu ili toroli liingie chini yake, na sauti ilitoka ndani. Nikamwangalia Désiré, naye akaniangalia, tukalirudisha kasha taratibu mpaka likasimama wima. Picha yenyewe hatukuwa tumeiona bado. Ilifungwa kwenye nyumba ya watawa huko Italia, ikavuka dunia gizani, na sasa ilikuwa mbele yetu, upande wa pili wa ubao. Katika kazi yetu, vijana, ukiisikia picha kabla ya kuiona, ujue siku yako imeharibika.

Kila tukikutana kwenye arusi na misiba hapa Mount Druitt mnaniuliza nilifanya kazi gani humu Sydney hata mgongo ukawa hivi. Nikiwaambia nilibeba picha, mnacheka. Mjukuu wangu alinijibu, kwa Kiingereza chake, kwamba picha haina uzito. Basi nimekaa niandike, kwa Kiswahili, nikisimama kila mara kujinyoosha, na chai yangu imekwisha kupoa mara mbili. Wengi wenu mnamaliza shule mnaingia kwenye maghala ya Wetherill Park. Huenda haya yatawafaa. Yasipowafaa, mtakuwa mmemsikiliza mzee, nayo ni kazi pia.

Ghala letu lilitengeneza makasha ya picha za kuchorwa, zile kubwa za kale, na sisi ndio tuliozichukua na kuzirudisha. Aliyenifundisha ni fundi mmoja Mkroatia, Branko, mtu wa maneno machache na vitunguu saumu vingi. Alinifundisha kwamba kasha la picha halipigwi msumari, linafungwa skrubu, kwa sababu rangi ya miaka mia tatu haitaki kusikia nyundo. Alinifundisha kuvua saa, pete na mkanda kabla ya kusogelea turubai. Siku moja alinivua mkanda kwa mikono yake mwenyewe mbele ya mapadri wawili, nikabeba picha ya Bikira Maria huku nimeishika suruali kwa viwiko.

Kasha langu la kwanza nililitengeneza kwa mapenzi. Pembe zilikaa sawasawa, sponji nililikata likaikumbatia fremu kama godoro la mtoto, na nje nikapaka rangi ya kijani. Branko alilizunguka, akalipapasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akachukua futi yake, akaenda kuupima mlango wa chumba tulichokuwamo. Aliniwekea bisibisi mezani, akatoka kwenda kuvuta sigara, nami nikaanza kufungua skrubu moja baada ya nyingine. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu, naanza kuutazama mlango.

Lakini kubeba ndiyo kazi yenyewe. Picha kubwa hubebwa na watu wawili, na mmoja lazima arudi kinyumenyume. Huyo haoni. Macho yake ni mwenzake, na maneno ya mwenzake: ngazi, simama, kushoto kidogo, mlango, pumzika. Na kuna neno moja linalopita yote. Hushiki mzigo mpaka useme "ninao," na huachii mpaka mwenzako aseme "ninao." Nimeona watu wazima, wenye nguvu, wakivunja fremu ya dhahabu kwa sababu kila mmoja alidhani mwenziwe ameshika.

Miaka mingi nilibeba na watu wa kila nchi, kwa Kiingereza. Nilielewa, lakini neno lilipita kichwani kwanza ndipo likashuka miguuni, na katikati hapo kuna nafasi ya kuanguka. Kisha akaja Désiré, Mkongomani wa Uvira. Kiswahili chake na changu cha Tanga havikuwa kimoja. Yeye alisema "ngazi ingine iko nakuja," na mimi nikashuka bila kufikiri. Gail, msimamizi wetu, mwanamke mrefu aliyekula mkate wake kila siku akiwa amesimama, alitutaka tuitane kwa Kiingereza ili wote wasikie. Alitutazama tukishuka na picha kwenye ngazi za mzunguko za kanisa moja. Tulipofika chini akasema, "Endeleeni na lugha yenu, tafadhali."

Tukiwa kwenye lori, msongamanoni, tulibishana dini. Désiré alikuwa katekista huko kwao, mimi nimesoma chuoni kwa maalim. Habari ya Yusufu tulikuwa nayo wote wawili, kila mmoja na yake. Yeye alikuwa na kanzu ya rangi nyingi na mbuzi aliyechinjwa, mimi nilikuwa na shati na mbwa mwitu wa kusingiziwa. "Lakini kisima ni kimoja," alisema. Naam, kisima tulikubaliana.

Ni kwenye lori hilo aliponisimulia habari ya kaka yake, Musafiri. Walikuwa kambini, wakimbizi. Musafiri alikuwa ameandikishwa na mkewe na watoto, na Désiré alifika baadaye, kwa hiyo jina lake halikuwa pamoja na lao. Asubuhi moja kaka alimtuma kuni. Aliporudi na mzigo kichwani, akakuta nyumba imefagiwa, mlango umefungwa kwa kamba, na gari lililowachukua kwenda uwanja wa ndege limekwisha kuondoka. Alikaa kambini peke yake miaka mpaka naye akapata njia. Wote wawili wakawa Sydney. Désiré alikaa Mount Druitt na Musafiri alikaa Liverpool, kitongoji kingine cha Sydney, akiogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea. Hawakusalimiana. Kwenye misiba, Désiré aliuliza kwanza nani yumo ndani.

Sasa rudini kwenye kasha.

Mlio ule tuliujua. Nyuma ya turubai, kwenye pembe za miti inayoivuta, kuna kabari ndogo za mbao. Mojawapo ilikuwa imechomoka, ikaanguka kati ya mti na turubai, na kila kasha lilipoinama, ilitembea. Kabari ya ukubwa wa kidole inaweza kupasua rangi kutoka nyuma bila mtu kujua.

"Tufungue sasa hivi," nilisema.

Gail alilitazama kasha. Ilikuwa Julai, majira ya baridi huku Australia, lori lilikuwa baridi kama jokofu, na chumba cha maonyesho cha jumba la sanaa tulimolileta kilikuwa na joto. Sheria ni kwamba kasha likifika halifunguliwi siku hiyo. Linasimama hivyo hivyo mpaka kesho yake, hewa ya ndani na ya nje zizoeane. Branko aliwahi kutuonyesha picha iliyofunguliwa kwa haraka mahali pengine. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge kama mkono uliomwagikiwa chai.

"Tukifungua tunaweza kuiharibu," Gail alisema. "Tusipofungua, pia. Lakini kabari isiposogezwa haina miguu. Asiliguse mtu mpaka kesho. Kaeni hapo wote wawili mpaka walinzi wa jioni wafike." Akaenda kwenye mikutano yake.

Tukaketi. Kazi hii, vijana, nusu yake ni kukaa kando ya kitu ambacho huruhusiwi kukigusa. Magoti yangu yalilia, nikawaza chakula. Alasiri bawabu wa mlango wa mizigo akapiga simu: kuna mtu chini, anasema ni ndugu wa Désiré.

Désiré alikuwa akikunja kitambaa. Hakuinua uso. "Papa Rashidi, kamwambie niko ku kazi."

Nikashuka. Kwenye benchi la mlangoni alikaa mtu mwembamba, koti limemzidi mabega, miguuni ana mfuko wa plastiki. Alisimama kwa kunisalimu, akalazimika kushika ukuta.

"Shikamoo, mukubwa. Niko Musafiri. Ule muko naye ni petit yangu, mudogo yangu."

"Marahaba. Anasema yuko kazini."

"Niko najua. Mumwambie kesho asubui batanipasua moyo, ku hospitali ya Liverpool. Natoka kule sasa, kupimwa. Nimekuja kwa treni."

Nikapanda. Nikamwambia Désiré. Alimaliza kukunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kuna madaktari wazuri," akasema. "Mwambie kasha haliachwi. Ni sheria."

Nikashuka. "Anasema kasha haliachwi."

"Nitangojea."

Nikapanda. "Anasema atangojea."

"Angojee. Mimi nilingojea miaka."

"Désiré," nikasema, na hapo nilikuwa nimeshika ubavu, "mimi si simu yenu. Nikishuka tena ngazi zile, mtanibeba nyinyi wawili, na mtalazimika kuitana ninao."

Hakucheka. Lakini Gail, aliyekuwa amerudi na kikombe chake cha kahawa, aliuliza kuna nini, nikamweleza. Alinywa kahawa akifikiri. Mgeni haingii chumba cha picha, alisema, hiyo haijadiliwi. Lakini ushoroba si chumba cha picha. Aketi kwenye kiti ushorobani, mlango wa chumba uwe wazi. Kisha akaniambia, chinichini, kwamba baba yake alikufa Adelaide, naye alikuwa hapa anasimamia kutundikwa picha ya farasi. Akarudi kwenye mikutano yake.

Nikamleta Musafiri. Alipumzika kila baada ya ngazi chache. Alipofika kwenye kiti, alichokiona mbele yake kilikuwa kasha, refu kuliko mtu, pana kama ukuta, na mishale yake miekundu inayoonyesha juu. Désiré alikuwa amehamia upande wa pili. Mimi nilikaa kwenye stuli pembeni, nikiwaona wote wawili, wao hawaonani.

"Petit," Musafiri akasema.

Nyuma ya kasha, Désiré akaanza tena kukunja kitambaa kilekile.

"Niko najua uko hapo. Niko nasikia unapumua. Mafua yako ya utoto."

"Sina mafua."

"Ulikuwa nayo siku zote." Akavuta pumzi. "Ndani ya hii sanduku muna nini?"

Nikajibu mimi. "Picha. Yusufu, nduguze wanamtia kisimani."

Musafiri alilitazama kasha toka chini mpaka juu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpe maji. "Mungu naye! Dunia muzima, hakupata picha ingine ya kuweka katikati yetu?"

Nikamwona Désiré akibana midomo. Pua zilimtanuka. Akageuza uso ukutani.

"Ulinituma kuni," akauambia ukuta.

"Ndiyo."

"Kuni zilikuwako ku nyumba. Niko naenda, niko najiuliza, kuni ziko, ananituma ya nini? Nikaenda tu. Mukubwa amenituma."

"Ndiyo."

"Nikarudi. Mama Furaha, jirani, anapikia ku sufuria yetu."

"Nilimpa achunge."

"Alichunga vizuri. Mpaka leo anachunga." Sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Kwa nini ulifagia, Musafiri? Hiyo tu. Kwenda, umekwenda. Kwa nini ulifagia nyumba?"

Kaka mtu akaitazama mikono yake. Ilikuwa mikono iliyokauka kwa sabuni, ya mtu anayeogesha wengine.

"Gari lilikuwa napiga honi," alisema. "Mikono ilitaka kazi. Kama ningekaa, ungenikuta. Na kama ungenikuta, ungenishika hapa." Akaushika mkono wa koti lake, juu ya kiwiko. "Ulikuwa unanishika hapa toka mutoto. Singepanda. Watoto wangebaki."

"Ungeniaga."

"Ningekuaga, singepanda."

"Basi usingepanda!"

Juu yetu mashine ya hewa iliguna. Nilitamani kwenda kupika, kuswali, kulala, kuwa mahali popote pengine.

"Ndiyo," Musafiri akasema. "Na hiyo nimeifikiri." Akaokota mfuko wake. "Sikuja unisamehe. Nimekuja kuaga. Kesho kama sitaamka, usiseme Musafiri amekwenda mara ya pili bila kuaga. Basi. Nimekuaga, petit. Baki vizuri."

Kilichofuata nitakisema mwisho. Kwanza niwamalizie habari ya picha, nisije nikachoka njiani.

Kesho yake asubuhi nililifungua kasha na kijana wa zamu nyingine, kwa kuwa Désiré hakuja kazini. Tulitoa skrubu, tukavua kifuniko, tukatoa sponji. Kabari ilikuwa imelala chini kabisa, nyuma ya turubai, na kwa mbele ilitokeza kama uvimbe mdogo. Gail aliitoa kwa kipande cha kadi chembamba, polepole, ulimi umetoka nje kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Rangi haikuwa imepasuka. Wote tulipumua.

Ndipo nilipoitazama. Picha za wakati ule ni giza kwanza, na macho yako lazima yangoje. Kisha mwanga unaingia kutoka juu, kushoto, na hautui usoni mwa mtu bali mgongoni: mgongo wa mmoja wa ndugu, unang'aa kwa jasho. Pembeni wengine wamekaa wanakula. Mmoja anamega mkate, na mkate ule umechorwa vizuri kiasi kwamba niliona njaa na aibu kwa pamoja. Yusufu amekwisha kuzama kisimani mpaka kifuani. Kuna mtu anamshusha kwa kamba, na uso wa mtu huyo hauonekani, ameuficha begani.

Mimi nimeshusha vitu kwa kamba maisha yangu yote. Mtu anayetupa huwa amesimama wima. Huyu alikuwa ameizungusha kamba kiunoni, mguu mmoja ameukaza kwenye ukingo wa kisima, mishipa ya shingo imemtoka, anaiachia kamba kidogo kidogo kama anashusha kitu ambacho kikivunjika naye amekwisha. Na bado anashusha. Yote mawili yalikuwa kwenye mikono ileile, sikujua nimchukie au nimwonee huruma, na mpaka leo sijajua. Yusufu hamtazami. Ameushika tu mkono wa nguo ya mtu huyo, juu ya kiwiko, vidole vimekaza hata kitambaa kimekunjamana.

Nilimtafuta Désiré kwa macho nimwonyeshe. Nikakumbuka hayupo.

Usiku simu yangu ikalia. "Papa Rashidi," akasema, na nyuma yake kulikuwa na kelele za hospitali, matoroli na viatu vya manesi. "Ametoka. Amefungua macho. Ameuliza kama kuna ugali."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia Mama Furaha ndiye alibaki na sufuria."

Sasa nimalizie jana yake, kisha nikalale.

Musafiri alipokwisha kuaga, alisimama, akageuka. Niliinuka nimsindikize, nikamshika kiwiko. Kutoka ushorobani kwenda mlango wa mizigo ni ngazi zile, za chuma, zenye mwinuko mkali, na lifti ilikuwa ya mizigo tu. Tulikwenda hatua chache. Musafiri aliburuza mguu, akasimama, akaburuza tena, na mimi goti langu la kushoto likakataa kabisa. Tukafika juu ya ngazi. Akautazama mteremko ule, akasema, "Hizi zimeongezeka," nami nikasema naona hivyo hivyo. Tukasimama pale, wazee wawili tumeshikana, hakuna anayejua nani anambeba nani.

Nikasikia stuli ikisogea.

Désiré alilizunguka kasha bila kuligusa, akatoka chumbani, akapita kando yetu ameinamisha kichwa. Hakumtazama kaka yake usoni. Alishuka ngazi moja, ya pili, kisha akageuka akawa anatutazama, mgongo wake kwenye mteremko. Akauchukua mfuko wa plastiki, akautundika begani. Akanyoosha mikono yote miwili, akamshika Musafiri chini ya viwiko, pale pale nilipomshika mimi. Nilikuwa bado sijaachia. Mazoea ya miaka, mikono haiachii hivi hivi.

"Ninaye, papa," akasema. "Achia."

Nikaachia.

"Ngazi," Désiré akasema, akarudi kinyumenyume. "Ingine. Polepole. Ingine. Simama. Pumzika."

"Wewe utaanguka," kaka yake akamwambia. "Hauone nyuma."

"Basi wewe niambie."

Musafiri akachungulia juu ya bega la mdogo wake. "Ngazi," akasema.

"Ndiyo."

"Ingine."

Nilipaswa kurudi kwenye kasha. Sheria ni watu wawili, na sasa hakukuwa na hata mmoja. Nikarudi, nikakaa kwenye stuli yangu mbele ya mbao na mishale miekundu. Sauti zao zilishuka, moja ikiita, nyingine ikijibu, mpaka sikuweza tena kupambanua ipi ya nani. Kisha mlango wa mizigo, ule mzito wa chuma, ukafunguka, baridi ya Julai ikapanda mpaka miguuni pangu, na mlango ukajifunga nyuma yao.